Simu ya Mgeni Nairobi Iwe Kama ya Mwenyeji

Wageni wanaotaka kuja kwangu Nairobi hunitumia ujumbe wa WhatsApp kabla hata hawajakata tiketi, na siku hizi swali la kwanza si hali ya hewa. Wanauliza waweke programu gani kwenye simu. Wengine hufika wakiwa wameshajaza: programu ya mwongozo wa jiji, ya mikahawa kumi bora, ya kutafsiri, ya kubadilisha fedha, ya kupanga safari saa kwa saa. Nikiipitia simu ya namna hiyo, mara nyingi sikuti hata kitu kimoja ambacho mimi na majirani zangu wa South B tunakigusa tangu kupambazuke hadi tulale.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nairobi ni jiji lililojitengenezea zana zake lenyewe, kwa shida zake lenyewe, na zana hizo zinamfaa mgeni kuliko chochote kilichobuniwa kwa ajili ya watalii. Anayetaka kuishi vizuri hapa, hata kwa wiki moja, simu yake na iwe na vitu tunavyotumia sisi.

Anza na laini, kwa sababu mengine yote yanaitegemea. Wageni kutoka ng'ambo hupenda kununua eSIM ya data, yaani laini isiyo na kadi, wakiwa bado kwao, wakitua intaneti inawaka na wanadhani kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba eSIM nyingi za namna hiyo hazina nambari ya Kenya, na bila nambari ya Kenya huwezi kusajiliwa M-Pesa. Kwa hiyo ingia kwenye duka rasmi la mtandao wa simu, toa pasipoti yako, piga picha, na mwambie mhudumu akufungulie M-Pesa papo hapo. Usiondoke kaunta kabla hujaweka nambari yako ya siri na kupokea ujumbe wa kwanza. Laini za kununua barabarani, ambazo muuzaji anasema zimeshasajiliwa, ziache. Laini iliyo kwa jina la mtu mwingine inamaanisha pesa zako ziko kwa jina la mtu mwingine.

M-Pesa ilianzishwa na Safaricom Machi 2007, na tangu hapo imeingia kila mahali: kwa mama mboga, kwa kinyozi, kwa mwenye duka la dawa, kwenye sadaka ya kanisani. Mgeni akija na kadi ya benki tu ataweza kula hotelini na kununua vitu supamaketi, lakini nusu ya jiji itamfungia mlango. Ninachowaambia wote ni kwamba huhitaji hata intaneti. Ukipiga *334# menyu inafunguka kwenye simu yoyote, hata ile ndogo ya vitufe, hata bando likiwa limeisha. Kuna kulipa kwa nambari ya till, yaani nambari ya malipo ya duka, ambako mnunuzi hakatwi ada. Kuna Paybill, ambayo hudai nambari ya akaunti pia. Kuna Pochi la Biashara, ambalo wauzaji wadogo wengi wanalitumia. Na kuna kumtumia mtu moja kwa moja kwenye nambari yake, ambako ada inategemea kiasi, ila shilingi 100 kushuka chini ni bure.

Mama yangu mdogo anaishi Tanga na alikuja huku kwa harusi ya binamu yangu. Yeye ni mtumiaji wa siku nyingi wa M-Pesa ya Vodacom, kwa hiyo sikuwa na la kumfundisha. Nilitaka tu azoee laini mpya, kwa sababu akaunti ya kwao na ya huku ni mbili tofauti. Tukaenda kibanda cha mboga kilicho karibu na nyumbani. Alichukua sukuma wiki, nyanya na vitunguu, akasoma nambari iliyoandikwa kwa rangi ubaoni, akaibonyeza pole pole kidole kimoja kimoja. Skrini ikamwonyesha jina la mwenye biashara. Hapo alisimama, akalisoma jina kwa sauti, kisha akamwangalia muuzaji.

"Ndiye wewe huyu, mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama."

Akaivuta kanga ikafunika mkono, akaweka nambari ya siri. Simu zote mbili zikalia, moja mkononi mwake na nyingine juu ya fungu la vitunguu. Muuzaji hakutaka kuonyeshwa simu ya mteja. Alisoma ujumbe wake mwenyewe mpaka mwisho, ndipo akamtilia mboga kikapuni.

Sijaona mafunzo bora kuliko hayo. Jina linalotokea kabla ya kulipa ndilo kinga yako kubwa, na wengi hulipita mbio. Kinga ya pili ni kama ya yule muuzaji: amini ujumbe uliofika kwenye simu yako, na uangalie umetoka wapi. Ujumbe halali hufika ukiwa umeandikwa MPESA pale panapokaa jina la mtumaji, wala hautoki kwenye nambari ya mtu. Walaghai hupenda kukutumia ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha, kisha wanapiga simu wakiomba uwarudishie kwa kuwa eti wamekosea. Angalia salio lako kwanza. Na kama wewe ndiye uliyekosea nambari, sambaza ujumbe ule wa muamala kwenda 456 haraka, kabla aliyepokea hajazitoa.

Sasa usafiri. Uber, programu ya kuita teksi, ilifika Nairobi mwaka 2015, na mwaka uliofuata zikaja Little, ambayo ni ya hapahapa Kenya, na Taxify, ambayo leo inaitwa Bolt. Weka mbili kati ya hizo, kwa sababu bei hupishana sana mvua inaponyesha au watu wanapotoka kazini. Dereva atakupigia simu kabla hajaja. Atauliza uko wapi hasa na utalipa kwa njia gani, na mgeni asiyejua hushtuka akidhani kuna ubaya. Dereva anahesabu mafuta. Programu inakata kamisheni yake, na hata baada ya kanuni za 2022 kuweka kikomo cha asilimia 18, kinachobaki mfukoni mwake bado ni kidogo kwenye safari fupi yenye foleni. M-Pesa humfikia papo hapo, kadi humsubirisha. Mimi huwa nawaomba wageni wangu walipe kwa M-Pesa, na naona ni heshima ndogo isiyogharimu kitu. Kabla ya kupanda, linganisha nambari ya gari na ile iliyo kwenye skrini, ukae nyuma, halafu umtumie mwenyeji wako mahali ulipo kwa WhatsApp. Ile huduma ya kuonyesha mahali moja kwa moja unaweza kuiwasha kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Saa moja inatosha kwa safari nyingi za humu mjini.

Jambo jingine: ukitoka uwanja wa ndege wa JKIA, dereva atakuuliza kama mnapita Expressway. Ni ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ada yake hulipwa na abiria, juu ya nauli. Jioni ya siku ya kazi, kubali.

Lakini ninayempenda simwachi azunguke kwa teksi peke yake. Nairobi inasafiri kwa matatu, yale mabasi madogo ya abiria, na anayedhani matatu haziingii kwenye simu hajui kazi iliyofanyika hapa. Miaka ya nyuma, njia za matatu zilikuwa vichwani mwa madereva na makanga, yaani makondakta, tu. Halafu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu moja baada ya nyingine wakiwa na simu zenye GPS, wakaandika kila njia na kila steji, yaani kituo. Mradi ule uliitwa Digital Matatus. Mwaka 2014 ukatoa ramani ya njia zote, imechorwa kwa mistari ya rangi, na mwaka 2015 takwimu hizo zikaingia kwenye Google Maps. Ndiyo maana leo mgeni akitafuta njia na kubonyeza alama ya basi, simu inamwambia apande nambari ngapi. Najisikia vizuri kila ninapomwonyesha mtu jambo hili. Kuna watu walikaa kwenye viti vile, kwenye muziki ule na foleni ile, ili mtu asiyejua chochote aweze kufika.

Mfano mzuri ni mbuga. Mtu akitaka kwenda lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi bila teksi, anakwenda steji za Railways, anapanda 125 au 126 ya kwenda Rongai, anamwambia kanga amshushe KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya. Matatu inapita Lang'ata Road, na lango liko hapo hapo kando ya barabara. Programu itakupa nambari na steji. Haitakupa nauli, kwa kuwa nauli ya saa nne asubuhi si nauli ya saa kumi na mbili jioni, na mvua ikianguka hupanda tena. Uliza mlangoni kabla ya kupanda, wala usione haya, sote tunauliza. Steji nazo huhamishwa, serikali ya kaunti ikiamua, na ramani huchukua muda kupata habari. Kwa foleni, fuata Ma3Route, ambayo tangu 2012 imekuwa ikikusanya taarifa za watu walioko barabarani wenyewe: ajali iko wapi, maji yamejaa wapi, polisi wamefunga njia ipi.

Kuhusu ramani kwa jumla, nina maneno mawili. Pakua ramani ya Nairobi ukiwa kwenye Wi-Fi, kabla ya kutoka. Google Maps ina nafasi ya kuhifadhi eneo lote, na Organic Maps inafanya kazi bila intaneti kabisa, kwa kutumia OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wenyewe. Hii ya pili naipenda kwa sababu ya Kibera. Kabla ya 2009, ukiifungua Kibera kwenye ramani ya mtandao ulikuta pengo tupu, mtaa wenye maelfu kwa maelfu ya watu hauna hata kichochoro. Mwaka huo vijana wa mtaani, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea na vifaa vya GPS wakaandika vichochoro, shule, zahanati, vyoo, misikiti, makanisa na mabomba ya maji. Wakaviweka OpenStreetMap, wazi kwa yeyote. Mgeni anayealikwa Kibera leo na rafiki au na shirika anaweza kuiona njia yake mpaka mlangoni.

Neno la pili ni kwamba watu wa Nairobi hawaelekezani kwa majina ya barabara. Watakwambia shuka Hilton, na hoteli ya Hilton ilifungwa mwishoni mwa 2022. Watakwambia mkutane Nakumatt, na supamaketi za Nakumatt zilishakufa biashara zamani. Majengo yamebaki, majina yamebaki midomoni, ila ukiyaandika kwenye simu unaweza usipate kitu au upelekwe kwingine. Mwambie mwenyeji akutumie alama ya mahali kwa WhatsApp. Sisi wenyewe hatupeani anwani, tunatumiana alama.

Upande wa serikali ni mfupi lakini usiupuuze. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza na kuweka kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni, eTA. Mtanzania kama mama yangu mdogo hakihitaji. Anayekihitaji akiombe kwenye tovuti rasmi, etakenya.go.ke, maana ziko tovuti nyingine zinazofanana nayo zinazotoza zaidi kwa kazi ileile. Mbuga za KWS hazipokei fedha taslimu langoni. Malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa M-Pesa au kadi, kwa hiyo fungua akaunti na ulipe ukiwa nyumbani, usisimame juani langoni ukipigana na mtandao. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, basi beba pasipoti au kitambulisho cha kuthibitisha.

Ukitaka kwenda Mombasa, treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, unaikatia tiketi kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, unalipa kwa M-Pesa. Tena bila programu yoyote. Siku za likizo za shule na mkesha wa sikukuu, viti huisha mapema sana, kwa hiyo usingoje ufike Nairobi ndipo utafute. Kituo chenyewe kiko Syokimau, si katikati ya jiji, na mizigo hukaguliwa kwa mashine na kwa mbwa, kwa hiyo fika angalau saa moja kabla. Kwa basi za mikoani na za kuvuka mpaka kuna BuuPass, ya Wakenya vilevile, inayokuwezesha kulinganisha kampuni na kuchagua kiti.

Chakula sina mengi. Glovo ipo, inaleta. Lakini mtu aliyesafiri kutoka mbali ashuke chini akale kwenye kibanda, ugali uko moto na mwenye kibanda ana nambari ya till.

Usalama wa simu yenyewe ni suala zito, na ningependa lisomwe taratibu. Simu za Nairobi hunyakuliwa hasa katika mahali pawili: mkononi mwa mtu anayetembea akisoma ramani katikati ya mji, na dirishani mwa gari lililokwama kwenye foleni. Ukihitaji kuangalia njia, ingia dukani, simama ndani, angalia, uirudishe mfukoni, kisha utoke. Kwenye gari funga kioo, au shikia simu upande wa mbali na dirisha. Kabla ya safari, washa huduma ya kuitafuta simu iliyopotea, na piga *#06# uandike IMEI, nambari inayoitambulisha simu yako, kwenye karatasi. Simu nyingi za Android zimepata, tangu 2024, kinga inayoifunga skrini ikihisi simu imenyakuliwa na mtu anakimbia nayo. Iko ndani ya mipangilio, nenda uiwashe, maana nimeona simu nyingi za wageni ikiwa imezimwa. Weka pia PIN kwenye laini, ili mwizi akiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine asipate nambari yako. Na nambari ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye pasipoti iliyo kwenye mkoba uleule.

Kwa dharura, 999 na 112 ni za polisi na huduma za uokoaji. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Ziandike kwenye karatasi pia, kwa sababu siku utakayozihitaji ndiyo siku simu inaweza kuwa haipo.

Kuna programu moja isiyo ya hapa, isiyohusiana na shida yoyote, ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote. Inaitwa Merlin, ni ya bure, imetoka maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Unapakua ndege wa eneo ulilopo, unapiga picha au unajibu maswali machache kuhusu ukubwa na rangi, nayo inakupa jina. Mama mdogo alipoyaona yale madege makubwa yenye vichwa vya upara, yamekaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo, matatu zikipita chini yake kwa honi, alitaka kujua ni nini. Ni korongo mfukoshingo. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengi hukaa humuhumu mjini: kwarara wanaopiga kelele alfajiri juu ya mabati, mwewe wanaozunguka juu ya masoko. Mgeni akijua majina mawili matatu huanza kutazama juu, na Nairobi ina mengi ya kuonwa huko juu.

Programu za kutafsiri sizipingi. Zinamsaidia anayetoka Ujerumani au China kusoma bango na kuomba maji. Ila zipakue kwa matumizi ya bila intaneti, na usitegemee zitamwelewa kanga wa Eastlands, kwa kuwa maneno yake hubadilika kila msimu. Msemeshe kwa Kiswahili chako kilekile. Atakuelewa.

Siku ya kuondoka, maliza hesabu na M-Pesa ukiwa bado mtaani. Toa salio kwa wakala, ukiwa na pasipoti halisi mkononi kwa kuwa atakuomba kitambulisho, na ubakishe ya teksi na ya Expressway. Laini usimwachie mtu, hata aliyekukaribisha vizuri, kwa sababu imesajiliwa kwa pasipoti yako na lolote litakalofanywa nayo litaulizwa kwako. Kama unajua utarudi, ihifadhi na uitumie angalau mara moja moja. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huifunga, na nambari ile anaweza kupewa mtu mwingine.